Fomu Iliyoombewa

Kulikuwa na seremala mmoja. Kabla sijaenda mbali, niwaombe kitu: mtu asimtupie jirani yake jicho la pembeni akasema moyoni, "Kumbe ni fulani." Mkianza kutafuta ni nani, mfano utawapita, na mimi leo sina nguvu ya kuusimulia mara mbili.

Seremala huyu alikuwa fundi kwelikweli. Milango, madirisha, vitanda vya maharusi, makabati ya vyombo, mpaka majeneza. Akikuahidi Ijumaa, Ijumaa unachukua. Ninyi mafundi mliomo humu mnaotuambia "njoo kesho" mwaka mzima, tutazungumza siku nyingine.

Alikuwa na binti, mtoto wake wa kwanza, yuko kidato cha nne. Binti akitoka shule anavua sare, anajifunga kanga, anaingia karakanani kwa baba yake. Hakuna aliyemwita. Randa ilimkaa mkononi kama mwiko ulivyomkaa mama yake. Halafu alikuwa na jambo moja la ajabu. Ukimletea ubao anaugonga kwa kidole, anatega sikio, anasema, "Baba, huu bado una maji. Utapinda." Siku moja baba akampuuza, akautumia ubao huo kwenye kabati la bibi harusi. Miezi miwili haikuisha, mlango wa kabati ukapinda ukagoma kufunga, na bibi harusi akalirudisha kwa kelele mtaa mzima ukasikia. Tangu siku hiyo seremala hakununua ubao mpaka binti augonge.

Sasa niwaulize. Mtoto kama huyo, ungehitaji malaika ashuke akwambie kazi yake ni ipi?

Lakini seremala aliionea haya kazi yake. Hilo ndilo lilikuwa donda lake, na tulihurumie, maana sisi ndio tuliomtia. Kwenye sherehe, mwalimu anaitwa mbele, mganga wa zahanati anaitwa mbele, yeye anaambiwa, "Fundi, tafuta hapo nyuma." Na kiti anachokwenda kukalia mwenzake amekitengeneza yeye! Akajiapiza kwamba mtoto wake hatakaa nyuma.

Ikaja siku ya kikao cha wazazi shuleni. Akaletwa mgeni kutoka wilayani, mtu muungwana, azungumze juu ya sekta zinazokua, ili watoto wajue wachague nini. Akasoma orodha yake vizuri: afya, ujenzi, kilimo cha biashara, kompyuta, utalii, samani. Seremala akasikia neno moja tu, afya. Ujenzi ulimpita. Samani zilimpita, na mkono wake bado una gundi ya mbao. Akarudi nyumbani na neno lake moja, kama mtu aliyekwenda sokoni akarudi na chumvi peke yake.

Jioni ile akamwambia binti, "Utajaza uuguzi."

Binti akasema, "Baba, mimi nimeshajaza chuo cha ufundi. Useremala. Mwalimu ameshaipeleka fomu."

"Unataka kula vumbi kama mimi?"

"Vumbi silioni, baba. Mimi naona kabati."

Mzazi mwenye masikio angecheka hapo, akamkumbatia mtoto, mambo yakaisha. Seremala hakujibu kitu. Na ninyi mnajua, baba akinyamaza nyumbani si kwamba amekubali.

Matokeo yakatoka. Binti amefaulu, na baiolojia ndiyo imepanda kuliko yote. Kama mnavyojua, matokeo yakishatoka serikali hufungua dirisha la siku chache, mwanafunzi aliyebadili mawazo aingie abadili machaguo yake. Nimesema mwanafunzi. Asubuhi moja binti alikuwa ameenda shamba na mama yake. Seremala akachukua daftari la binti, ambalo nyuma yake binti aliandika namba ya mtihani na neno la siri, akaenda nalo steshenari. Dada wa steshenari akafungua kompyuta, akamtazama.

"Mzee, mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko shamba. Amenituma."

"Haya. La kwanza nikuwekee nini?"

"Uuguzi."

"Na la pili?"

"Uuguzi."

Dada akacheka, akabonyeza, akamchapia nakala. Kazi ya dakika kumi. Seremala anapima mara mbili kabla hajakata ubao, lakini mwanawe alimkata bila kumpima hata mara moja.

Je, alimwambia binti? Hakumwambia. Aliingiwa na woga, akatafuta mtu mkubwa wa kumsemea. Jumapili akaiweka ile nakala kwenye bahasha nzuri, akaileta kanisani, akamnong'oneza mchungaji kwamba ana shukrani. Mchungaji akaipokea kwa mikono miwili. Akamwita binti mbele. Binti akaja, hajui ameitiwa nini, anatabasamu kwa aibu. Mchungaji akafungua bahasha, akasoma kwenye kipaza sauti, "Binti yetu amechagua kwenda chuo cha uuguzi!"

Vigelegele. Kwaya ikasimama. Binti akamtazama baba yake, baba akatazama sakafu. Kisha binti akapiga magoti, maana ukiitwa mbele unapiga magoti, mchungaji akaweka mkono mmoja kichwani pake na mwingine juu ya ile fomu, akaomba kwa nguvu. Alipomaliza, binti alikuwa analia mpaka mabega yanatikisika. Na mchungaji akasema, watu wote wakasikia, "Tazameni, wapendwa. Machozi ya furaha!"

Tukasema amina.

Binti akaenda chuo. Hakugoma, hakutoroka, hakufeli. Akamaliza, akaajiriwa hospitali ya wilaya nyingine. Seremala akaanza kuitwa Baba Nesi, na kwenye sherehe akaitwa mbele. Alipata alichokitaka. Hilo nalo tulikiri, wapendwa, alikipata chote.

Mwaka wa pili wa kazi ya binti, baba akafunga safari kwenda kumtembelea bila taarifa, amfurahishe. Amebeba mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Akafika hospitali, akaambiwa asubiri nje kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Akakaa. Akawa anatafuta nafasi ya kumwambia mtu kwamba humu ndani mna mwanangu. Mnaijua raha ile, maneno yako kwenye ncha ya ulimi.

Pembeni yake alikaa bibi mmoja mwenye mguu uliovimba. Seremala akamuuliza, kama hataki vile, "Leo zamu ya nesi gani?"

Bibi akashusha pumzi. "Baba yangu, wapo manesi hapa Mungu awabariki. Lakini leo tumeangukia kwa yule. Sindano anajua kuchoma, dawa hakosei. Ila anakuhudumia kama anafukuza kuku kwenye mahindi. Hata usoni hakutazami."

Mlango ukafunguliwa. Akatoka nesi, nguo nyeupe zimenyooka. Mama mmoja mdogo, mtoto mgongoni, akamsogelea, "Dada, samahani, mwanangu hanyonyi tangu jana."

"Nimekuita? Rudi kwenye foleni!"

Seremala aliijua sauti kabla hajainua uso. Ilikuwa sauti iliyokuwa ikimwambia, "Baba, huu bado una maji." Nesi akageuka akaingia ndani. Hakumwona, maana kweli hakuwa anamtazama mtu yeyote.

Yule bibi akatikisa kichwa, akamgeukia seremala. "Na wewe, baba, hapa una nani?"

Amepanda basi tangu alfajiri kwa ajili ya swali hilo. Akasema, "Sina mtu hapa."

Wapendwa, acheni nipumzike kidogo.

Alisubiri mpaka zamu ikaisha. Binti alipotoka akamkuta, akapiga magoti akamwamkia, "Shikamoo, baba," akapokea mzigo. Heshima yote ipo. Wakakaa kwenye chumba chake kimoja. Baba akashindwa kula. Akasema, "Mama, nimekaa pale benchini tangu saa nne. Kwa nini unawafokea watu?"

Binti akasogeza sahani pembeni. Akasema, "Baba, naamka nimechoka kabla sijaanza. Yote waliyonifundisha nayafanya. Hicho kingine mnachokitafuta usoni pangu, sijui nikitoe wapi."

Seremala akaanza kulia. Mtu mzima, mbele ya mtoto wake. Akasema, "Kwa nini hukunikatalia? Ungenikatalia hata kwa kelele."

Binti akajibu, "Wewe ningekukatalia, baba. Nilikuwa nimejiandaa kukukatalia. Lakini uliileta kanisani. Mchungaji akaiwekea mkono. Ningebishanaje na Mungu?"

Sasa nimefika mahali ambapo wiki nzima nimekuwa napaogopa. Nilianza kama anayetoa mfano. Huu si mfano. Mchungaji yule ni mimi.

Baba yule alinijia mwenyewe akanieleza, na alipofika pale kwenye jibu la binti sikuweza kumtazama. Mimi ndiye niliyesema machozi ya furaha. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi, mtoto amepiga magoti mbele yangu, na sikumuuliza hata neno moja. Sikumuuliza, "Binti, ni kweli umechagua?" Maneno manne. Nilikuwa na haraka ya kupata amina.

Kwa hiyo leo simhukumu seremala, na ninyi msimhukumu. Yeye alidanganya steshenari, mbele ya mtu mmoja. Mimi nilidanganya hapa, na ninyi mkanipigia vigelegele.

Tunapenda kuwaambia watoto wetu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la mkuu. Alisikia la baba, akasikia la mchungaji, na guu likavunjika vilevile. Anachechemea nalo wodini, na kila mgonjwa anayepita mikononi mwake anaumizwa na mchechemeo huo. Halafu sisi hao hao tunarudi nyumbani tunalalamika. Nesi mkali. Mwalimu hana moyo, anaingia darasani kama anaingia mahabusu. Karani hakutazami. Wametoka wapi, wapendwa? Wametoka kwetu. Tuliwajazia fomu.

Sisemi sekta zisisomwe. Zisomwe! Mwanafunzi, uliza kazi ziko wapi, uliza vyuo, uliza walioajiriwa na waliokosa. Ukichagua gizani utajikwaa. Na uuguzi ni kazi takatifu. Tunao manesi humu kwenye kwaya ambao mtu akishikwa na mikono yao anapona nusu kabla ya dawa. Lakini sekta ikikua haiajiri jina la ukoo wako. Inamwajiri mtu mmoja, ambaye ataamka peke yake kila asubuhi kwa miaka thelathini kwenda kuifanya. Huyo mtu ndiye hatukumuuliza.

Na ninyi vijana, msidhani mmepona. Ile "sawa, baba" yenu mnayoisema huku mmeinamisha kichwa, wakati mwingine ni uongo, na uongo wa adabu ni uongo. Sema. Sema kwa heshima, sema mapema, sema mbele ya shangazi kama baba hasikii. Ukiogopa kabisa, njoo kwangu. Najua nimepoteza haki ya kuwaambia hivyo, lakini njooni.

Mwezi uliopita nilipanda basi nikaenda kwenye ile hospitali kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilimkuta mlangoni, faili mkononi, nikayasema yote. Akanisikiliza amesimama. Nilipomaliza akaniuliza, "Mchungaji, unaumwa wapi?"

Nikasema, "Siumwi, binti yangu. Nimekuja kwa hilo tu."

Akasema, "Basi naomba unipishe. Kuna wagonjwa."

Nikampisha.

Wapendwa, naona wengine mmekuja na bahasha leo. Msizilete mbele. Mzazi, ibada ikiisha nenda na mwanao mahali ambapo hakuna mtu, muulize anataka nini, halafu nyamaza mpaka amalize, hata kama jibu litakuchoma. Nikishalisikia kwa mdomo wake mwenyewe, nitapiga magoti pamoja naye. Bila hivyo, mikono yangu siiweki tena juu ya karatasi ya mtoto wa mtu.