Simba wa Shehe Burhani

Wamepokezana wasimulizi, na hao si watu wa kubabaisha, kwamba tariqa, njia ya watu wa dhikiri, ilipoanza kuingia bara, khalifa wa kwanza kufika mji wa Kilongo alikuwa Shehe Burhani bin Mwinyikombo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuja na bendera moja ya kijani, dufu moja na mwanafunzi mmoja, Makame, ambaye ulimi wake ulitosha msafara mzima.

Njiani, alasiri moja, walikutana na simba. Kila mmoja akaparamia mti wake. Simba akaja chini ya mti wa Shehe, akanyoosha miguu ya mbele, akalaza kichwa, akajipumzikia mpaka alipochoka akaenda zake. Walipofika Kilongo, Makame akahadithia kwamba simba alimsujudia Shehe. Hakudanganya sana, aliuacha mti tu.

Mji mzima ukaja kushika uradi, dua za kukariri kila siku. Shehe alipoulizwa aliinamisha macho, akanyamaza, na watu wakasema huo ndio unyenyekevu. Naye, pamoja na ucha Mungu wake, aliuona ukimya ule mtamu kama halua.

Ikafika siku ya kusimamisha bendera mbele ya zawiya mpya, nyumba yao ya dhikiri. Watu wamefurika, dhikiri haijaanza, akaja Bi Zamda, mkubwa wa kina mama, kuomba dua. Mtama umekomaa, akasema, na wao ndio wanaolala mashambani kuulinda na nguruwe. Miaka yote walikesha na moto na wanaume wenye mikuki, maana simba wa huko hawana adabu. Safari hii wanaume wameambiwa wabaki nyumbani. Wanawake watalala chini na watoto wao, bila moto, kwa baraka za Shehe.

Shehe akageuka akawatazama wale watoto. Makame aliuona uso ule akaujua, akamnong'oneza: "Shehe wangu, ukilifumbua jambo hilo, zawiya hii tutabaki mimi, wewe na kuku."

"Basi tutadhikiri na kuku," akajibu Shehe, akasimama chini ya bendera. "Ndugu zangu, simba hakunisujudia. Mimi nilikuwa juu ya mti, na kilemba changu kilikuwa chini. Washeni moto, na wanaume waende na mikuki yao."

 Kisha mzee mmoja wa nyuma akauliza ni mti gani huo, ili bendera wakaisimamishe huko. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na wengi wakavaa viatu vyao wakaondoka.

Bi Zamda hakucheka. "Na huko juu, Shehe, ulisoma nini?"

"Mama, hata Fatiha ilinipotea. Nilishika jina moja tu la Mungu, Ya Latifu, Ya Latifu, mpaka mnyama akaenda zake."

"Basi tufundishe hilo. Nyiradi ndefu ni za watu wasio na hofu. Sisi tunayo."

Mavuno yale simba walinguruma, moto ukawaka, mikuki ikasimama, na Ya Latifu ikapokewa shamba kwa shamba. Hakuliwa mtu. Mtama ulipoingia ghalani, waliovaa viatu wakarudi kuvivua mlangoni mwa zawiya, na wa kwanza wao alikuwa yule mzee wa mti.

Waja wa Mungu, simba wa kujilaza chini ya mti ni wengi. Mja wa kushuka mtini mbele za watu ni nadra, na huyo ndiye mwenye karama.