Unyayo wa Vidole Vitatu

Hapo zamani, wakati masultani walikuwa wengi kuliko masufuria na kila mji ulikuwa na wake, alikuwapo Sultani mmoja wa Kizimkuyu, jina lake Dahmani. Huyu hakuwa katili sana. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni ugonjwa wa nasaba. Aliupenda ukoo wake kuliko chakula, na kila Ijumaa baada ya sala watu wote wa mji walikalishwa barazani wamsikilize Mwalimu Badi, msomaji wa nasaba, akiutaja ukoo huo tangu dunia ilipoumbwa mpaka kwa Sultani mwenyewe. Adhuhuri ikaingia alasiri, wazee wakasinzia, watoto wakakua.

Ushahidi wa nasaba hiyo ulikuwa katika ua wa jumba. Palikuwa na mwamba, na juu ya mwamba palikuwa na unyayo mkubwa kama sinia la arusi, umezama katika jiwe kama mguu uzamavyo katika tope. Ukiitwa Unyayo wa Babu. Ilisemwa kwamba babu wa kwanza wa Sultani ndiye aliyeukanyaga, siku alipofika kuimiliki nchi, mawe yangali laini. Kwa ajili hiyo nchi yote ilikuwa ya Sultani, na watu wengine wote walikuwa wageni waliochelewa kuaga. Unyayo wenyewe ulikuwa na vidole vitatu. Jambo hilo kila mtu alikuwa ameliona, na hakuna aliyekuwa amelisema.

Basi nyuma ya ukuta wa jumba alikaa mjane, Bi Mwanasha, mkulima wa tambuu, pamoja na mwanawe Mzale. Mzale alikuwa mtu mzima asiye na kazi wala pesa. Shughuli yake ilikuwa kuzunguka katika baraza za watu, akitafuna tambuu za mama yake na kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Watu walimwita mpumbavu, lakini walipomwona anakuja walimsogezea mkeka.

Ikawa siku moja Sultani akaletewa tausi, na tausi wakahitaji bustani. Askari akaenda kumwambia Bi Mwanasha ang'oe mitambuu yake ahame, kwani kiwanja kimepata wenyewe. Na katika kiwanja hicho, chini ya mlangilangi, ndimo alimozikwa babake Mzale. Bi Mwanasha aliketi chini akaanza kuyaosha majani ya tambuu yaliyokwisha oshwa. Naye Mzale, ambaye hakuwahi kukasirika tangu azaliwe kwa kuwa kukasirika ni kazi, alikasirika, akaenda barazani.

"Maulana, Mola akuweke," akanena. "Kiwanja kile ni chetu. Baba yangu amelala humo."

"Amelala kwa hisani yangu," akajibu Sultani. "Nchi ni ya aliyetangulia kuikanyaga, na wazee wangu ndio waliotangulia. Unyayo ule pale, tazama."

"Nimeutazama, Maulana. Je, akitokea mwingine ambaye wazee wake walitangulia zaidi?"

Sultani akacheka, na baraza likacheka baada yake, kila mtu kwa kadiri ya cheo chake. "Niletee kiumbe mmoja aliye hai, awe mtu, awe mdudu, ambaye wazee wake waliikanyaga nchi hii kabla ya wazee wangu, nami nitamwachia nchi yake. Naapa mbele ya Kadhi. Lakini mwezi wa Ramadhani ukiandama nawe hujamleta, kiwanja ni cha tausi, na wewe na mama yako mtatoka katika mji huu."

Kadhi, mzee mkavu asiyependa nasaba wala tausi, akainamisha kichwa kuonyesha kwamba kiapo amekisikia.

Basi Mzale akaenda sokoni kwa wachukuzi wa chumvi watokao bara, kwani hao walijulikana kwa habari zisizoaminika. Mmoja wao akamwambia, "Nyuma ya ziwa la magadi kuna mlima uliokatwa kichwa. Huko juu kuna wanyama walioumbwa kabla ya ng'ombe na mbuzi, wakasahauliwa. Wengine miili yao ni kama nyumba."

"Wana vidole vingapi?" akauliza Mzale.

Mchukuzi akamtazama kwa huruma. "Nakuambia miili kama nyumba, wewe waniuliza vidole! Wapo wenye vitatu, kama kuku. Lakini kuku yule akikukanyaga, hapana haja ya kukuzika."

"Nipeleke," akasema Mzale.

Sultani aliposikia safari hiyo akacheka tena, akaamuru Mwalimu Badi afuatane nao awe shahidi, ili kiumbe yeyote atakayeonekana aulizwe nasaba yake. Bi Mwanasha akamfungia mwanawe mkoba wa maandazi na tambuu, akamshika mkono, asimwachie upesi. "Nenda, baba," akamwambia. "Ukishindwa rudi hivyo hivyo. Tutahama pamoja."

Wakaenda, Mwalimu Badi juu ya punda akisoma nasaba asije akaisahau, na wachukuzi wakitembea mbele sana ili wasiisikie. Wakapita nyika, wakapita ziwa la magadi ambako hata kivuli kilikuwa na kiu, wakafika chini ya mlima ule. Ulikuwa umesimama wima kama ukuta. Wachukuzi wakatua mizigo, wakasema mapatano yao yanakoma pale njia inapokoma. Basi Mzale na Mwalimu wakapanda wenyewe kwa kushika mizizi, Mwalimu akimtaja babu mmoja wa Sultani kwa kila mzizi.

Juu kulikuwa na ukungu, na kangaga ndefu kama minazi. Ndege wasio na manyoya walipita na mbawa za ngozi, wakilia kama milango mibovu. Mnyama mwenye shingo isiyokwisha alikuwa akila vilele vya miti. Aliwatazama kama tajiri amtazamavyo mwombaji, akaendelea kula. Mwingine, ambaye alikuwa meno matupu, aliwakimbiza mpaka akachoka. Mwalimu Badi hakuchoka, ikabidi Mzale amfuate mbali kumwambia kwamba mambo yamekwisha.

Hapo aliposimama Mwalimu ndipo walipomkuta mnyama mzee, ana pembe moja puani na ndevu za kuvu, amelala peke yake juu ya yai moja. Mzale akachungulia miguu yake. Vidole vilikuwa vitatu.

"Mwulize nasaba yake," akasema Mzale.

Mwalimu Badi aliogopa, lakini kazi ni kazi. Akasimama mbali kidogo, akakohoa, akaanza na nasaba ya Sultani, kama adabu itakavyo, ili mwenyeji naye apate kujibu kwa ya kwake. Mnyama akasikiliza kwa jicho moja. Katikati ya nasaba jicho likafumba. Mwalimu alipomaliza, jua limeinama, mnyama alikuwa amekufa.

Mzale hakusema kwamba nasaba ndiyo iliyomwua. Mnyama alikuwa mzee mno, na huenda siku yake ilikuwa imefika. Alisema tu, "Mwalimu, ile sehemu ya katikati hukuwa na haja ya kuirudia."

Wakamfunika kwa majani ya kangaga. Mzale alimkumbuka baba yake, akaona huzuni ya kweli, akasimama pale kitambo. Kisha akavua shuka yake, akalifunga yai tumboni, wakateremka. Walipofika kando ya ziwa la magadi, yai likapasuka kwa joto, akatoka kiumbe mwenye ukubwa wa bata, pembe yake ingali chunusi. Uso wa kwanza kuuona duniani ulikuwa wa Mzale, mdomo umejaa tambuu. Akaamini huyo ndiye mzazi wake, na kutoka hapo hakubanduka nyuma yake, akila tambuu alizotupiwa.

Wakaingia Kizimkuyu Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, kabla ya mwezi kutafutwa. Mji ulikuwa umepumzika nasaba muda wote huo na watu walikuwa wamenenepa. Barazani hapakuwa na pa kuweka mguu. Bi Mwanasha alikuwa amesimama mlangoni na mizigo yake imekwisha fungwa.

"Ni nini hicho?" akauliza Sultani.

"Mwenye nchi, Maulana," akajibu Mzale.

"Kifaranga huyu? Si amezaliwa juzi!"

"Nawe pia ulizaliwa juzi, Maulana, ukilinganishwa na Babu. Kiapo hakikutaja umri. Kilitaja wazee."

Sultani akamgeukia Kadhi. Kadhi akasema, "Kilitaja wazee."

"Haya, na wazee wake walikanyaga wapi nchi hii?"

Mzale akamwaga mtungi wa maji uani, penye vumbi, akapita katika tope, akapanda mwambani. Kifaranga akamfuata kama kawaida yake, akazunguka Unyayo wa Babu, na kila alipokanyaga akaacha alama. Ilikuwa ni alama ile ile, vidole vile vile vitatu, kisigino kile kile chembamba, ila ndogo. Unyayo wa Babu ukawa umezungukwa na wanawe.

"Unyayo ule ni wa babu yangu!" akapaza sauti Sultani.

"Mimi sibishi, Maulana," akasema Mzale kwa upole, akamwinamia kifaranga. "Basi mwamkie nduguyo."

Hapo, polepole, bila kuamriwa na mtu, baraza zima likatazama miguu ya Sultani. Sultani akaivuta ndani ya joho.

Kadhi akakohoa. "Maulana, ni moja katika mawili. Kama unyayo ni wa babu yako, basi huyu ni wa ukoo wako, na itambidi Mwalimu Badi amtie katika nasaba, mahali pa heshima, amsome kila Ijumaa. Kama si wa babu yako, basi wazee wa huyu ndio waliotangulia, na nchi ni yake. Tena ni yatima, kama nisikiavyo."

"Nilikuwapo alipofiwa," akasema Mwalimu Badi, kwa sauti ndogo.

"Na mali ya yatima, Maulana," akaendelea Kadhi, "wajua mwenye kuila anakula moto."

Sultani akajifuta jasho. Akatazama unyayo, akatazama kifaranga, uso wake ukachangamka. "Lakini haumwenei! Tazameni! Mguu wake ni mdogo, unyayo ni sinia zima!"

"Ni kweli, haumwenei," akasema Mzale. "Mguu wako nao hautaenea, Maulana. Ila huyu anakua."

Tausi mmoja akalia, akaona haya, akanyamaza.

Kisha Sultani akasema, kwa sauti ya mtu aliyeketi katika kiti kisicho chake, "Yatima hana ulimi. Nani atamsemea?"

Kadhi akatazama kifaranga, aliyekuwa amelala juu ya mguu wa Mzale. "Msimamizi amekwisha mchagua mwenyewe," akasema.

Mzale akainama, akategea sikio lake karibu na ile pembe changa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. "Maulana, mwenye nchi asema hana haja ya nchi yote. Ataka kiwanja kimoja, chenye tambuu, kwa kuwa amezizoea. Kwingine kila mtu akae pale alipo, asisumbuliwe. Nawe pia, Maulana, kaa tu jumbani. Hatutadai kodi."

Sultani Dahmani akamkodolea macho, midomo ikamcheza, akajizuia, ikashindikana, akacheka. Akacheka mpaka kilemba kikamwangukia machoni, na mara hii baraza halikungoja zamu. Akaamuru mwamba ufunikwe mkeka, na nasaba ianzie kwa babu yake mzaa baba, ambaye watu walimkumbuka. Wazee wengine walilia kwa shukrani.

Bi Mwanasha akafungua mizigo yake pale pale mlangoni. Mzale akaenda mlangilangini, akaketi kando ya kaburi la baba yake, akalia kwa furaha bila kujificha, na kifaranga akaketi naye.

Ikawa tangu siku hiyo hakuna aliyenyang'anywa kiwanja Kizimkuyu. Ila kila Ijumaa, nasaba ikiisha, nayo sasa ilikuwa fupi, askari mmoja alipita nyuma ya ukuta, akasimama penye mitambuu, akapiga hodi.

"Bwana wetu akusalimu, Bi Mwanasha. Auliza, mguu u hali gani?"

Naye Bi Mwanasha, bila kuinua kichwa katika kazi yake, hujibu, "Mwambie unakua."