Pundamilia Aliyechukua Mapumziko Akaacha Mbio

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba maharage. Vuteni pumzi, mkae sawa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo ndiyo. Hapo zamani za kale palikuwa na Pundamilia, na mkewe, na mtoto wao wa kike. Mtoto aliitwa Tatu. Kwa hiyo baba akawa Baba Tatu, mama akawa Mama Tatu. Walikaa kando ya kinamasi chenye majani mabichi.

Mwaka ule Mungu alishusha mvua, akashusha tena. Majani yakafika magotini. Baba Tatu akala. Akalala. Akaamka, akala. Tumbo likashuka. Milia yake ikatanuka kama michoro ya kwenye puto. Akienda hatua kumi, unamsikia toka mbali: hee! haa! hee! haa!

Sasa sikilizeni desturi ya pundamilia. Wakihama, mama hutangulia, kwa sababu mama ndiye anayejua njia ya maji. Mtoto hukaa katikati. Baba hukaa nyuma, peke yake. Kwa nini nyuma? Kwa sababu adui huja kwa nyuma, na mateke ya baba yako nyuma. Baba akichoka, mlango uko wazi.

Na kuhama ni lazima. Kiangazi kikifika kinamasi hukauka, tope likapasuka. Hapo huenda malisho ya ng'ambo, mwendo wa siku nne. Siku ya tatu hupita kwenye korongo refu lililochimbwa na maji ya mvua. Huku ukuta, huku ukuta. Hakuna pa kukimbilia ila mbele. Na humo ndimo anamokaa Fisi na ndugu zake.

Siku moja asubuhi Fisi akaja kinamasini. Akakaa juu ya kilima, akapiga salamu.

"Baba Tatu, umeamkaje?"

"Salama."

"Naona salama yenyewe imejaa mpaka kiunoni. Mwaka huu mkihama, nani anakaa nyuma?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Mungu akuzidishie," akasema Fisi. "Kula, kaka. Usijinyime." Akacheka, hi-hi-hiii, akajilaza pale pale kilimani.

Mama Tatu alisikia. Fisi alipofumba macho akamvuta mumewe pembeni.

"Baba Tatu, umesikia?"

"Nimesikia. Ananisifu."

"Anakupima! Mwezi ukiandama mara tatu tutahama. Kama huna pumzi, huyu mtoto atafika ng'ambo kwa miguu yake au kwa tumbo la Fisi? Nenda katafute mazoezi."

Akaenda. Kwanza alikwenda kwa Duma.

"Mwalimu, nifundishe mazoezi."

"Tazama," akasema Duma. Akajikunja, akajikunjua. Vyuuu! Akafika kwenye mgunga ule wa mbali kabla vumbi halijainuka. Akarudi, akajitupa kivulini. "Mbio fupi, kwa nguvu zote. Kisha mapumziko. Kisha tena. Mara sita kwa siku."

Baba Tatu akakimbia mara moja. Hee! haa! hee! haa! Akajitupa kivulini. Duma alipoinuka kwa mbio ya pili, Baba Tatu akasema, "Tangulia, mwalimu. Mimi bado niko kwenye mapumziko." Siku ya pili alifika, akaenda moja kwa moja kivulini. Siku kumi akapumzika vizuri kabisa.

Jioni mkewe anauliza, "Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya mazoezi!"

Halafu akaenda kwa Tembo.

"Mjomba, nifundishe mazoezi."

"Mimi nasukuma gogo," akasema Tembo. "Hili hapa. Nalipandisha mteremko, nalishusha. Mara kumi. Nikimaliza nakula mpaka adhuhuri, maana mwili uliofanya kazi unadai. Chukua lile dogo, sukuma kwa kifua."

Baba Tatu akasukuma. Gogo likasogea kidogo, grrr. Likarudi. Akaliangalia. Likamwangalia. Akasema, "Mjomba, hivi ile sehemu ya kula inaanza saa ngapi?" Siku kumi akala na Tembo, na Tembo anakula, jamani! Anayekula naye ashukuru akiondoka na ngozi nzima.

"Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya mazoezi!"

Mwisho akaenda kwa Bi Kobe. Bi Kobe hana maneno mengi. Kila alfajiri anakizunguka kinamasi. Jua, anakwenda. Mvua, anakwenda.

"Bibi, nifundishe."

"Fuata."

"Mwendo gani, bibi?"

"Huu huu. Usisimame tu."

Baba Tatu akafurahi. Akajiambia, hatimaye nimepata mwalimu wa kiasi changu, polepole! Akaenda polepole. Akaona majani, akasimama. Akaona kivuli, akasimama zaidi. Bi Kobe akamaliza mzunguko, akamkuta pale pale alipomwacha, akampita bila salamu. Siku kumi hivyo.

"Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya mazoezi! Ya walimu watatu, mke wangu. Hapa bondeni hakuna aliyesoma kama mimi."

Msimcheke sana. Mimi mwenyewe daktari aliniambia, fanya mazoezi, moyo wako unafanya kazi kama punda wa kukodi. Nikanunua kamba ya kuruka. Mpaka leo tunaanikia nguo. Na watu wakiniuliza, nasema, "Kamba ninayo." Sisemi uongo, lakini Mungu anajua ninachoficha.

Basi, mwezi mmoja ukaisha. Mama Tatu akasema, "Leo tujaribu. Tatu, kimbia uzunguke kinamasi. Baba yako atakaa nyuma yako kama safarini."

Tatu akachomoka, tiki-tiki-tiki-tiki. Baba Tatu nyuma, du! du! du! Hee! haa! Hee! haa! Hawajafika robo, baba akasimama. Tatu akamaliza mzunguko, akamkuta baba bado amesimama, kichwa chini, miguu imetanuka.

"Baba, unalia?"

"Silii, mwanangu. Napumua."

Kilimani Fisi, ambaye mwezi mzima hakubanduka pale, alikuwa ameinuka kutazama. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji!" akamwita Mama Tatu. "Usijisumbue na mtihani. Huyo wa nyuma tutamtunza sisi!"

Mama Tatu akampa kisogo. Akamwambia mumewe kwa sauti ndogo, "Mwaka huu wewe utatangulia. Nyuma nitakaa mimi."

"Mama Tatu, haijawahi kuwa."

"Itakuwa. Huna pumzi, nifanyeje?"

"Lakini Tatu bado ananyonya. Wewe ukikaa nyuma, naye atakaa nyuma. Hakuachi huyo."

"Najua," akasema Mama Tatu. Machozi yakamtoka. Akageuka, akaenda kumnywesha mtoto maji.

Baba Tatu akabaki. Hakula siku ile. Jua lilipopinduka akamfuata mkewe.

"Mama Tatu, nimekudanganya."

"Kwa lipi?"

"Nilikwenda kwa Duma, nikachukua mapumziko nikaacha mbio. Nilikwenda kwa Tembo, nikachukua chakula nikaacha gogo. Kwa Bi Kobe nilichukua polepole, nikaacha kwenda. Jasho langu lote la mwezi mzima halijazi kwato."

Mama Tatu akamtazama sana. "Ungesema jana ningekupiga teke. Leo nasema hivi: imebaki miezi miwili. Rudi ukachukue ulichoacha."

Akarudi. Alianza kwa Bi Kobe, kwa kuwa mwendo wake ndio uliokuwa karibu na uwezo wake. Aliona haya. Akatoa salamu, Bi Kobe akasema, "Fuata." Basi. Siku ya kwanza akaenda nusu ya kinamasi bila kusimama. Siku ya nne akazunguka chote. Wiki ya pili akazunguka mara mbili, na ile hee-haa ikaanza kuchelewa kuja.

Akaenda kwa Tembo. "Mjomba, nipe lile gogo dogo." Akalisukuma mara moja. Kesho mara mbili. Kifua kikauma, mapaja yakatetemeka, akasukuma.

Akaenda kwa Duma. "Mwalimu, nionyeshe mgunga." Akakimbia mbio moja, akapumzika, akakimbia ya pili. Ilipofika ya tatu akatapika. Duma akasema, "Hapo sasa umeanza."

Lakini kuna shetani wa uvivu, na kuna shetani wa kiherehere. Baba Tatu alipoona tumbo limeanza kupanda, akasema, sasa nitafanya yote siku moja! Asubuhi kinamasi mara tatu, mchana gogo, jioni mgunga. Kesho tena. Keshokutwa tena. Siku ya nne mguu wa mbele ukavimba, akaanguka njiani, pu!

Bi Kobe akamkuta chini.

"Inuka taratibu. Siku tano usikimbie."

"Bibi, siku zinakwisha!"

"Juzi ulikuwa mvivu, leo una pupa. Kote huko hujipimi. Mguu umepewa na Mungu, hukuununua. Lala."

Akalala siku tano. Uvimbe ukashuka. Akainuka, na sasa akapanga: leo mwendo na gogo, kesho mwendo na mbio, siku ya saba miguu ipumzike. Hivyo, hivyo, mpaka mwezi ukaandama mara ya tatu.

Na Fisi je? Fisi aliona siku ile ya mtihani, akaridhika. Akarudi korongoni kusubiri nyama ijilete.

Kinamasi kikakauka. Tope likapasuka, pa! pa! Wakaondoka. Mama Tatu mbele, Tatu katikati, Baba Tatu nyuma. Siku ya kwanza salama. Siku ya pili salama. Siku ya tatu, asubuhi, wakaingia korongoni. Huku ukuta, huku ukuta.

Fisi akatokea na ndugu zake watano.

"Karibu, kaka," akasema. "Tulikuwa tunakungoja."

"Mama Tatu, kimbia!" akasema Baba Tatu.

Du-du-du! Tiki-tiki-tiki! Vumbi likajaa. Fisi wana akili: wawili wakafukuza, wakichoka wakawapisha wawili wengine. Fisi mkubwa akanong'ona, "Msimng'ate bado. Mchosheni tu. Kwenye kona ya kwanza ataanza kuhema."

Kona ya kwanza ikapita. Hakuhema.

"Ya pili basi."

Kona ya pili ikapita. Pumzi ya Baba Tatu ikaingia, ikatoka, kama mtu anayesukuma mlango wa nyumba yake. Si mwendo wa Duma. Ni mwendo wa kwenda tu, bila kusimama. Fisi mmoja akasogea ubavuni kumwendea Tatu. Baba Tatu akachomoka mbio moja fupi, akamfikia, akageuza nyuma: teke! Fisi akabiringika mpaka ukutani. Mwingine akamrukia paja, akamng'ata, damu ikatoka. Teke! Naye chini.

Wakafika mwisho wa korongo. Hapo kuna mwinuko wa mchanga, ndiyo njia ya kutokea. Mama Tatu akapanda, akafika juu. Tatu akapanda, akateleza. Akapanda, akateleza. Mchanga unakimbia chini ya kwato zake.

"Mama!"

Fisi mkubwa akaona. Akaja kwa nguvu zake zote. Baba Tatu alikuwa na nafasi ya kuruka na kuokoka. Hakuruka. Akaweka kifua chake nyuma ya mtoto, akasukuma. Mchanga ukashuka, grrr. Akasukuma. Mapaja yakatetemeka, damu inachuruzika pajani, akasukuma. Tatu akafika juu, mama akamvuta kwa meno shingoni. Baba Tatu akajikunja, akaruka. Fisi akafunga taya, kap! Akapata nywele za mkia.

Fisi akajaribu kupanda. Akapiga hatua nne, akakaa chini, ulimi nje. Miezi miwili alikuwa amelala akiota nyama. Hee! haa! Hee! haa! Ndugu zake wakamtazama, mmoja akatema mchanga.

Baba Tatu na watu wake wakaenda zao. Jioni ya siku ya nne wakafika ng'ambo. Majani mabichi, mto unapita. Wakanywa. Mama Tatu akamlamba mumewe jeraha la paja. Likawauma wote wawili.

Jeraha lilikaa siku nane likapona. Asubuhi ya siku ya tisa Mama Tatu akaamka, akamwona Baba Tatu amesimama, anaangalia mbali.

"Baba Tatu, tumeshafika. Majani haya hapa. Unakwenda wapi tena?"

"Nakwenda mpaka pale mto unapopinda, nirudi."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Nakwenda tu."

Akaanza kwenda. Tatu akaacha kunyonya, akamkimbilia, tiki-tiki-tiki, akajiweka nyuma ya baba yake.

Wenzangu, fundisho ni hili, na nalisema nikijisema mwenyewe kwanza. Mazoezi ni ya namna nyingi: kuna ya mbio, kuna ya nguvu, kuna ya mwendo. Kila moja lina raha yake na lina jasho lake. Ukichukua raha ukaacha jasho, hujamdanganya mwalimu, umewadanganya wanaokutegemea. Tena usiwe na pupa. Jipime, anza kidogo, usisimame. Mwili ni amana ya Mungu, na wanaoutegemea wako ndani ya nyumba yako.

Hadithi yangu imevuka korongo, imefika malishoni. Hapo imeishia. Penye uzuri, sifa ni za Mola. Penye kasoro, ni zangu.