Kikombe cha Mtungi Uliobaki

Sogeeni. Na msinitolee macho kwa kuwa leo ni habari ya divai. Hapa hatunywi, tunaamua kesi tu.

Kule Ureno, upande wa kusini ambako jua halina huruma, Mzee Baltazari alikuwa na watoto watatu. Duarte alijaliwa miguu ya kusafiri, Filomena alijaliwa subira, na Anselmo, kitinda mimba, roho ngumu. Shamba lao la mizabibu lilikuwa linakufa. Mzee akasema, "Kisima ni kimoja, shamba haligawanyiki. Atakayelifufua ndiye mrithi." Na desturi yao, mtungi ukifunguliwa, kikombe cha kwanza hunywa mwenye shamba.

Duarte akaenda nchi za baridi, akarudi na vipande vya mizabibu ya kigeni ndani ya magunia yaliyoloweshwa. Majirani wakamcheka: "Mti wa theluji kwenye tanuri hili? Una wazimu, bwana!" Yeye akachimba mashimo.

Filomena ndiye aliyeilea. Kila asubuhi aliibebea maji, akaifunika kwa matete isiungue. Mchumba wake akamwambia, "Chagua, mimi au hiyo miti."

"Ningoje ishike mizizi."

Hakungoja, akaoa kwingine. Filomena akalia huku anamwagilia, na mizabibu ikazaa.

Wakakanyaga zabibu kwa miguu, wakajaza mitungi ya udongo ghalani, mirefu kuliko mtu. Sasa sikilizeni. Divai ikichacha, maganda hupanda yakaziba juu. Yasiposhindiliwa kwa mti, mtungi hupasuka. Tena hutoka hewa inayoua kimya kimya, ndiyo maana watu huacha mlango wazi na kuingia na mshumaa. Ukizimika, toka mbio. Lakini Duarte alisema, "Zabibu hizi hazitaki joto. Fungeni mlango." Wakafunga.

Adhuhuri moja joto likazidi. Mitungi ikapasuka mmoja baada ya mwingine, ukabaki mmoja, nao unaguna. Anselmo akafungua mlango, akaingia na mshumaa. Mkewe Leonor, mja mzito, akapiga kelele pale mlangoni, "Anselmo! Mshumaa umezimika, toka!"

"Nikitoka, huu nao utapasuka. Nakuja, mke wangu."

Akaushindilia mpaka ukatulia. Yeye hakuja. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho, masikini, na mti bado uko mkononi.

Divai ya mtungi ule ilitoka nzuri, hata majirani waliocheka walivutwa na harufu yake. Siku ya kuufungua, Mzee Baltazari alijaza kikombe cha kumpa mrithi, macho mekundu.

"Baba, bila mimi kusingekuwa na mche," akasema Duarte.

"Bila mimi mche wako ungekuwa kuni," akasema Filomena.

Leonor akashika tumbo lake. "Na huyu nimwambie baba yake alifia nini?"

Mzee akakinyoosha kikombe, akakirudisha kifuani.

Haya, wajuaji, msijifanye mmesinzia. Na asiniambie mtu wagawane, mzee alishasema. Kikombe kingekuwa mkononi mwako, na wote watatu wanakutazama, ungempa nani?