Mifupa ya Hitima

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nyumba.

— Ikawaje?

Ikaingia msiba.

— Poleni.

Msiba ukaingia chooni.

— Ukafuata nini?

Nyamazeni, niwaambie. Na anayecheka acheke kwa adabu, maana hapa pana mtu kafiwa.

Basi, Nguchiro alikuwa amefiwa na mama yake. Mama huyo ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa mji mzima, wakubwa kwa wadogo, asichague. Sasa arobaini yake imefika, na Nguchiro alikuwa na nia moja tu: mama asomewe hitima, aombewe dua na watu walewale aliowaoshea wafu wao. Hilo likishindikana, alijua hatakuwa na raha maisha yake yote.

Alichinja mbuzi wake wa pekee. Nyama ikatiwa sufuriani, na Chui, jirani mwenye kifua na kucha, akajitolea kuilinda.

"Nendeni mkapumzike, wafiwa," alisema. "Jiko niachieni mimi."

Asubuhi, sufuria tupu. Nyama hakuna, mifupa hakuna. Chui akaapa kwamba alipitiwa na usingizi, na kwamba wezi wa siku hizi hawana haya. Nani ambishie Chui? Mjomba wa Nguchiro akaleta mbuzi mwingine, kimya kimya, na jiko likawashwa upya.

Lakini choo nacho kikagoma. Mtu akimwaga maji, maji hayashuki. Bubu, bubu, bubu, yanapanda. Akimwaga tena, bubu, bubu, bubu, yanamfuata miguuni. Na wageni wamejaa ua mzima, kila mmoja ataka kujisaidia, kila mmoja ataka kutia udhu. Swala akaanza kutafuta viatu vyake. Pundamilia akasema ana mgonjwa nyumbani. Bila udhu, nani atashika msahafu? Na hawa wakiondoka, nani atamwombea mama?

Nguchiro akajifunga kanga kiunoni, akaingia chooni peke yake. Akatia mkono tunduni, akapapasa. Pale bomba linapokunja kona akagusa kitu kigumu. Akapapasa tena: goti la mbuzi. Akapapasa tena: ubavu wa mbuzi. Akavuta, wapi. Mkono wake ulikuwa mdogo na mifupa imeshikana. Akakaa palepale sakafuni, moyo ukimuuma kuliko siku ya mazishi. Nyama ya hitima ya mama yake imeliwa na mtu aliyempa mkono wa pole.

Angepiga kelele? Kumshtaki Chui bila shahidi ni kujichimbia kaburi. Akanawa mikono, akatoka, akamwendea taratibu.

"Jirani, nina shida."

"Sema, mfiwa."

"Choo kimeziba, na mwenye nguvu hapa ni wewe. Sisi kwetu, anayezibua choo cha wafiwa hali sinia moja na wenzake. Hupewa lake peke yake, na minofu juu."

Chui akameza mate. Nguchiro aliyaona mawazo yakimpita machoni: nikizibua mimi, mifupa naitoa mimi, hakuna atakayeiona, na sinia nitakula.

"Lakini nitafunga mlango," Chui akasema. "Kazi hii ina aibu yake."

"Funga, jirani. Nani akuone."

Mlango ukafungwa. Chui akatia mkono, chubwi. Akaikusanya mifupa yote kwa mkupuo mmoja, kwa tamaa ileile aliyoilia nyama. Akavuta. Ngumi haipiti. Akavuta tena. Ngumi haipiti.

Huku nje Nguchiro akawaita wazee wakae mbele ya mlango, wamwitikie dua mzibuaji. Wakaja, wakakaa, vichwa vimeinama.

"Jirani, umemaliza?"

"Bado."

"Pilau linaiva."

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Jirani, umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Pilau linapakuliwa."

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Jirani, kama umeshika kitu, kiachie. Mkono utatoka."

"Sijashika kitu mimi."

"Haya. Basi hili sinia nimpe Ngiri? Naona amenawa."

Hapo Chui akakaza meno, akavuta kwa nguvu zake zote. Mifupa ikalia ko, ko, ikavunjika. Mkono ukachomoka, naye akaenda kinyumenyume, mlango puu, mpaka katikati ya wazee. Aliloa chapachapa, ngumi ameiinua juu, na goti la mbuzi linachungulia katikati ya vidole.

Nyuma yake maji yakashuka: gooooo.

Ngiri akaitazama mifupa, akamtazama Chui, kisha akatazama chini kwa kumwonea haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Ahsante, jirani," Nguchiro akasema polepole. "Choo kimezibuka. Sasa nenda ukanawe kwako."

Chui akaiangusha mifupa, akaenda zake, hakuonja hata punje.

Watu wakatia udhu, wakasoma, wakaitikia amina mpaka sauti zikawakauka. Na Nguchiro akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia sana, na kifua kikawa chepesi. Mama alikuwa ameombewa.

Ila pale nyuma, karibu na kuni, alikaa Fisi. Wenzake wakilia, yeye analitazama lile goti. Wenzake wakiitikia amina, yeye anawaza: Chui hakuumbuliwa na nyama, aliumbuliwa na mifupa. Ndiyo maana hadi leo Fisi akila, husaga na mifupa.

Hadithi yangu imefika mwisho. Ikiwa njema, ondokeni nayo. Ikiwa mbaya, imwagieni maji, ishuke.

Na funzo lake mlishike, wanangu: ukila nyama ya wafiwa, usibakize mifupa.