Fundi Aliyekata Laini

Hiyo simu iliyolia sasa hivi hapo benchi la nyuma, mama, usiifiche kwenye kitenge. Tumeisikia sote. Tena imenikumbusha fundi mmoja wa masofa.

Fundi huyu alikuwa mchapakazi. Goti juu ya sponji, nyundo mkononi, misumari midogo ameibana kwa midomo. Simu ikilia, inabidi ateme misumari yote ndipo aseme "haloo." Na simu yake haikujua kunyamaza! Huyu anamwambia ameshinda zawadi. Huyu anasema, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mwingine ni mganga, eti ameoteshwa habari zake. Nani humu hajawahi kupigiwa na mganga wa namna hiyo? Msinyooshe mikono.

Siku moja akachoka. Akaitoa laini, akaibana kwa koleo, akaikata vipande viwili, akanunua nyingine. Wateja wote akawatumia namba mpya. Kibao cha karakana akakipaka rangi upya. Na mama yake kijijini? "Nitampa mwenyewe nikienda Krismasi." Namba ya mama ilibaki kwenye laini ile ile aliyoikata. Krismasi ikaja, na mnajua wenyewe, Krismasi kila nyumba inataka sofa jipya. Hakwenda. Pasaka ikapita, mahindi yakavunwa.

Sasa, laini mpya nayo ikaja na mambo yake. Kila siku saa sita mchana inalia. Fundi anatema misumari.

"Mwanangu, umekula?"

Ni sauti ya bibi kizee, wala fundi haijui.

"Umekosea namba, mama."

"Aa, namba ni hii hii. Umekula?"

Kesho yake tena, na kesho kutwa. Fundi hakuelewa kitu. Tapeli gani huyu asiyeomba hata shilingi? Au anavuta subira, ataomba siku ya arobaini? Au kachanganyikiwa? Mara nyingine akikata simu alibaki ameduwaa, nyundo juu, anajiuliza kama kweli amekula au hajala.

Mwisho uvumilivu ukamshinda. "Wewe bibi, usinipigie tena! Mimi si mwanao!"

Bibi akasema taratibu, bila hasira, "Mwanangu angebadilisha namba, angeniambia. Mtu habadilishi namba asimwambie mama yake. Basi wewe niambie, baba, mwanangu yuko wapi?"

Fundi akakaa kwenye sofa la mteja, akawaza: Kama mimi napigiwa na mama wa watu, wangu anampigia nani? Akatafuta namba ya mama yake kwenye simu, hakuna. Kichwani, hakuna. Namba aliyoikumbuka ilikuwa moja tu: yake mwenyewe, ile ya zamani. Akaibonyeza. Ikaita. Mwanamume akapokea.

"Samahani, ndugu. Hiyo laini zamani ilikuwa yangu. Kuna mama yeyote huwa anapiga?"

Halafu yule mtu akasema, "Kumbe uko hai."

"Niko hai."

"Mama yako hunipigia kila jioni. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba mimi siye, akasema basi tuongee tu. Mwezi wa sita alianguka akavunjika nyonga. Akanipigia mimi. Nikapanda basi, nikamkuta wodini. Manesi wameniandika mimi ndiye mtoto."

Fundi alikuwa analia sasa, mtu mzima. "Anaendeleaje?"

"Anatembelea mkongojo. Una kalamu hapo? Nikupe namba ya mama yako."

Mmesikia, ndugu zangu? Mtu baki anamtajia mtu namba ya mama yake mzazi, tarakimu moja moja, naye anaiandika kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja. Aliwafungia mlango wasumbufu, na mama yake alikuwa nje pamoja nao.

Na sisi je? Kila siku tunalalamika simu zinatusumbua. Tumewahi kujiuliza ni nani anahangaika kutupata, na ni mgeni gani anayeitika kwa niaba yetu? Wateja wetu wote wana namba zetu. Wadai wetu wanazo. Aliyetuzaa anayo?

Mtaniuliza, yule bibi wa saa sita mchana, mwanawe alipatikana? Mimi sijui. Labda amekaa humu ndani, anaitikia amina.

Mama wa benchi la nyuma, simu yako inalia tena. Toka nje ukapokee. Tutakusubiri.