Maarifa ya Kampuni ya Mwahija

Alikuwako Tanga tajiri mmoja, Bwana Shekilindi, mwenye kiwanda kikubwa cha achari. Lakini watu waliikimbilia achari ya Mwahija, mwanamke mwenye kampuni ya vyumba viwili, na jambo hilo lilimnyima raha. Akamwendea.

"Mwanangu, siku hizi kampuni zinapeana maarifa. Nieleze achari yako inapikwaje, ama nitayaambia maduka yote yaikatae."

"Sawa, mzee," alisema Mwahija. "Ila tupeane kweli. Kampuni yako iieleze yangu kila inachokijua, na yangu iieleze yako. Kisha maduka uyaache. Wewe ni mkubwa, tangulia."

Shekilindi alikubali kwa furaha, wakapeana mikono mbele ya wafanyakazi wake. Kutwa nzima alimtembeza kiwandani, akamwonyesha jinsi ya kufunga chupa zisivuje kwa joto na jinsi ya kuhifadhi maembe msimu ukipita. Mwahija aliuliza na kuuliza, naye alijibu mpaka sauti ikamkauka.

"Haya, zamu yako," alisema, akisugua viganja.

"Kampuni yangu inajua kubandika nembo na kupakia chupa kwenye pikipiki."

"Na kupika?"

"Kwetu hakuna anayejua, mzee. Achari tunainunua kwa mama mkwe wangu."

"Basi nipeleke nikamwulize."

"Twende. Ila mume wangu ni mwanawe wa kumzaa, na hata yeye amenyimwa siri hiyo."

Wafanyakazi waliangua kicheko, na Shekilindi akajikuta anacheka nao.